Daktari Hakuweza Kuniahidi

Siku moja bado naikumbuka, mjukuu wangu. Nilikuwa msichana mbichi pale Kaloleni, na daktari alikuwa ameniambia kwamba figo yangu ingemfaa mdogo wangu, Jairo. Figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa.

"Nikimpa moja, atapona?" nikauliza.

"Wengi hupona. Yeye, siwezi kukuahidi."

"Na mimi?"

"Wengi huishi vizuri. Kukuapia siwezi."

Nikarudi nyumbani nikasema sikubali mpaka nipate hakika. Usinicheke, kisu cha hospitali kinatisha, na mchumba wangu alikuwa akinikataza. Wiki zikapita. Jairo hakunibembeleza. Alinishika mkono tu, akasema, "Sista, hata ukikataa, mimi ni ndugu yako."

Aliyenikemea ni shangazi Rosa, dada yake baba. Alitoka magharibi mwa nchi kuja kumwona mgonjwa, akanikuta uani nafua nguo.

"Mama yako alipokwenda kukuzaa, nani alimpa hakika kwamba angerudi?" akaniuliza. "Acha hayo usiyoyajua. Niambie unayoyajua."

Nikaacha kufua, povu likanikaukia mikononi. Kisha nikamjibu, "Najua sitaki afe huku mimi nangoja."

"Basi hilo linatosha."

Nilimpa. Mchumba wangu akaenda zake; akaja babu yako, aliyeuliza habari za kovu langu mara moja tu, akaridhika. Jairo akanenepa, akaoa, akaimbisha kwaya miaka na miaka. Mwishowe figo ile nayo ikachoka, tukamzika akiwa na mvi. Watu huniuliza kama ilikuwa na faida. Mimi huwajibu kwamba waje wawaone wanawe.

Mwanangu, nakuona hapa Komarock umekaa njia panda, wataka uoneshwe mwisho ndipo uanze. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Sikwambii uruke bila kuangalia. Uliza, pima, sikiliza wanaojua. Lakini ukishauliza yote, patabaki giza kidogo ambalo hakuna wa kukuwashia taa. Hapo usitafute hakika ya yatakayotokea. Tafuta hakika ya unachokipenda na unachodaiwa na utu, kisha uende.

Mungu akutie nguvu katika ulijualo, akutulize moyo katika usilolijua, na popote utakapofika, umkute huko amekutangulia.