Pombe Ambayo Maundu Hakunywa

Mume wangu Maundu hajawahi kuonja pombe. Naanza na hilo kwa sababu ukiuliza watu kumi hapa Machakos juu yake, tisa watakuambia alikuwa mlevi akaokoka, na wa kumi ataapa kwamba alimwona kwa macho yake mwenyewe. Waongo wote. Mimi ndiye niliyeishi naye, na harufu aliyokuja nayo nyumbani ilikuwa ya mkate.

Alikuwa mwokaji. Kutwa alisimama mbele ya tanuri, na mwisho wa juma alifundisha kwaya ya kanisa letu. Baba yake aliuawa na kaluvu, ile pombe yetu ya miwa. Waliokota maiti yake mtaroni Maundu akiwa darasa la tano. Siku ya mazishi alimwahidi mama yake kwamba tone halitagusa midomo yake. Kanisa letu nalo halina mzaha na pombe. Ukijulikana unakunywa, unatengwa: unakaa benchi la nyuma, huimbi, hushiriki meza ya Bwana, mpaka siku utakayosimama mbele ya watu wote utubu.

Mwaka wa tisini na sita, akiwa na miaka arobaini na miwili, uso wake ulimgeuka. Mashavu na pua viliiva, vikafura, vikatoa chunusi kama za mvulana wa sekondari. Akitoka kwenye tanuri, au akinywa chai ya moto, uso uliwaka na macho yakamwasha. Pua ikanenepa. Watu wakaanza kumtazama kwa pembe ya jicho, kwa sababu pua ya namna ile walishaiona kwa walevi wa sokoni na hawakujua kwamba kuna njia nyingine ya kuipata.

Kosa la kwanza ni langu, sitalificha. Rafiki yangu Ndanu, aliyekuwa akishona nguo katika kiwanda kimoja kule EPZ Athi River, aliniletea tyubu ya krimu waliyokuwa wakipeana wasichana wa huko.

"Mpake hii, Mama Kaloki," aliniambia. "Siku tatu tu, utashangaa."

Nilishangaa kweli. Baada ya wiki moja uso ulikuwa laini kama wa bwana harusi. Mzee Jeremiah, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alimshika Maundu mkono mlangoni akamwambia, "Ndugu, naona umeshinda. Endelea hivyo hivyo." Maundu alikuja nyumbani akicheka, kwamba hata mzee wa kanisa anajali chunusi zake. Mimi sikucheka, maana nilielewa alichopongezwa.

Alijipaka asubuhi na jioni kwa miezi minane. Tyubu ikiisha, Ndanu analeta nyingine. Kisha ngozi ikaanza kuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, vimishipa vikaonekana, na akiruka siku moja tu uso ulirudi kuwaka kuliko mwanzo. Hapo ndipo nilipomkokota kwa daktari wa ngozi, mwanamume mpole, mwenye sauti ya chini.

"Hii krimu iko na dawa kali ya kupunguza uvimbe," alisema akiigeuza tyubu mkononi. "Si ya uso, na si ya miezi nane. Wacha leo. Lakini sitawadanganya: uso itafura zaidi kabla ipoe. Jipeni wiki kumi, hata kumi na mbili."

Alitupatia dawa nyingine ya kupaka, nyepesi, isiyo na harufu. Kiasi cha punje ya ndengu kwa uso mzima, asubuhi na jioni. Aoshe kwanza kwa maji vuguvugu bila kusugua, angoje akauke, asipake karibu na macho. Asijipake nyingi akidhani atapona haraka. Avae kofia juani. Mimi nilimwomba daktari kitu kimoja zaidi: aandike barua kwa wazee wetu, waelewe kwamba huu ni ugonjwa. Akaandika vizuri kabisa. Akataja ugonjwa, akaeleza matibabu, na mwisho akaorodhesha mambo ya kuepuka: jua kali, joto la tanuri, chai moto, pilipili, pombe.

Naijutia barua ile mpaka leo.

Tuliitwa mbele ya wazee wiki ya tatu, uso wa Maundu umevimba hata jicho moja halifunguki vizuri. Mzee Jeremiah alisoma barua akifuata mistari kwa kidole. Kidole kikafika mwisho, kikasimama.

"Kama hanywi," aliuliza, "daktari anamkataza pombe ya nini?"

"Mzee," nilisema, "hata pilipili ameikataza. Mbona hiyo hamuulizi?"

"Mama Kaloki, keti chini."

Nilikaa. Ningefanya nini? Waliipitisha ile barua mkono kwa mkono na kila mmoja alisoma neno moja tu. Jumapili iliyofuata Maundu alikuwa benchi la nyuma, na kwaya aliyoifundisha miaka kumi na tisa iliimba bila yeye, tena ikaimba vibaya. Mimi nilihesabu wiki. Nilimpimia dawa mwenyewe kwenye ncha ya kidole, punje ya ndengu, nikimwambia, "Baba Kaloki, vumilia. Daktari alisema itafura kwanza." Alivumilia. Hakugusa tena ile krimu, ingawa tyubu nusu ilikuwa bado kabatini na ingemrudishia uso wake kabla ya Jumapili mbili.

Aliyemvunja ni mama yake. Mwaitu, kama tunavyomwita, alikuja kwetu wiki ya tano akikohoa, akakaa kitandani na kumshika mwanawe mikono.

"Baba yako pia alikuwa anasema hajakunywa," alimwambia. "Kila siku. Mpaka ile siku waliniitia mwili. Maundu, tubu. Nikufe nikiwa na amani."

"Mwaitu, sijawahi kunywa."

"Ndiyo hivyo alikuwa anasema."

Nilimwonyesha dawa, nikamweleza yote ya daktari. Alinisikiliza kwa huruma, jinsi unavyomsikiliza mke anayemfichia mumewe aibu.

Jumapili hiyo Maundu aliinuka kutoka benchi la nyuma akaenda mbele. Nilimvuta koti, akanitoa mkono polepole. Akasema alikuwa akinywa, Mungu amsamehe. Mzee Jeremiah, hajatosheka, akamuuliza, "Ulikuwa unakunywa nini, ndugu?" Maundu hakujua jina la bia hata moja. Akanitazama mimi, halafu akamtazama mama yake.

"Kaluvu," alisema.

Kanisa zima lilipiga makofi. Mimi nililia kwa hasira, wakadhani ni furaha.

Wiki ya kumi uso ulianza kupoa, kama daktari alivyosema. Ya kumi na mbili ulikuwa uso wa mtu. Akarudishiwa kwaya. Kila mkutano wa vijana anaitwa kutoa ushuhuda, waone toba inavyosafisha hata ngozi. Dawa bado anapaka, kwa sababu ugonjwa huu haumalizwi, unatulizwa tu. Hakuna anayeniuliza juu ya dawa.

Mwaitu hakufa. Alipona kikohozi chake na yuko hai mpaka leo. Kila Jumamosi Maundu huenda kumsalimia, na yeye humvuta kichwa chini kama anayetaka kumbariki, akainusa midomo yake. Mwanamume wa miaka hamsini na mmoja huinama pale, akisubiri, mpaka mama yake amalize.

"Leo uko sawa," humwambia.

"Ndiyo, Mwaitu," hujibu Maundu.