Tunamngoja Mkunga

Nawaambia mwenyewe kabla mama mkwe hajawafikia. Mke wangu Zuhura, mja mzito wa miezi minane, alitamani samaki aina ya mkunga, nikampeleka mkahawa wa Kijapani mjini Stafford. Tulivua viatu, tukakaa mkekani. Simu ikalia. Mama mkwe, kutoka kwake mtaani Sharpstown.

"Mko wapi?"

"Kwa Mjapani, mama, nyuma ya duka la matairi Stafford. Tunamngoja mkunga."

"Na Zuhura?"

"Amekaa chini. Anasema hawezi kungoja tena."

Simu ikakatika. Nami, Mswahili mzima wa Mombasa, nikalaumu mtandao.

Baadaye mlango ukafunguka kwa kishindo. Mama mkwe na shangazi wawili, wamebeba leso za kumpokelea mtoto na chupa ya maji moto.

"Mkunga yuko wapi?"

Mhudumu akainama kwa heshima, akamweka mezani, juu ya wali.