Masikio ya Yusta

Mashine ya kusaga ya kwetu Makole ilisikika kabla harufu ya unga wa uwele haijatufikia. Ikiwashwa tu, mdogo wangu Yusta aliziba masikio, akajibana nyuma ya kabati la vyombo na kulia mpaka izimwe. Alikuwa na miaka minne na hajawahi kusema hata "mama". Ukimwita, hageuki. Majirani walimwambia mama, "Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana," kisha wakamhakikishia kwamba mtoto ni kiziwi. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na sikuelewa: kiziwi gani anayeumizwa na mashine iliyo mtaa wa tatu?

Kilikuwa kiangazi cha ile miaka ambayo maduka, baada ya kukaa matupu muda mrefu, yalianza kujaa vitu vya nje. Mama, mpiga chapa wa ofisi ya serikali, aliomba ruhusa kazini, akanichukua nimshike Yusta mkono, tukaenda hospitali huku upepo ukitujaza vumbi hadi kwenye kope. Njiani alinunua pakiti ya biskuti za kumtulizia mtoto, akanipa niitie mfukoni.

Daktari alikuwa mpole. Alisimama nyuma ya Yusta, akapiga makofi, kisha akagonga kijiko kwenye bakuli la bati. Yusta hakugeuka; alikuwa akizungusha gurudumu la kitoroli cha dawa.

"Mama, huyu hasikii," daktari alisema, akishika kalamu. "Nitamwombea nafasi shule ya viziwi."

"Anasikia," nikasema.

"Tabu, nyamaza!" mama alinikemea.

Sikujua nithibitishe vipi. Nikaingiza mkono mfukoni, nikaiminya ile pakiti kidogo tu, karatasi yake ikachakarika. Yusta akaliacha gurudumu, akaja moja kwa moja, akaukamata mkono wangu na kuusukuma kuelekea biskuti, bila kunitazama usoni. Daktari akaweka kalamu chini. Nilidhani nimemkomboa mdogo wangu, kumbe mama alikuwa analia.

"Kama anasikia, mbona haniitikii?"

"Kusema kweli, mama yangu, sijui. Nitakuandikia barua umpeleke Dar es Salaam."

Baba alikataa, hakuona sababu ya kusafiri mbali kote huko kufuata ugonjwa usio na jina. Barua ilikaa ndani ya Biblia mpaka mikunjo yake ikakatika, na ile nafasi ya shule haikutajwa tena. Husemwa kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Mimi nililala siku nyingi nikijiuliza kwa nini ukweli wangu haukumsaidia mtu.

Sasa ninaishi Nzuguni na mama, na Yusta, mwanamke mzima ambaye bado hasemi. Hivi karibuni tulimpeleka mjukuu wangu, mwenye miaka mitatu na ambaye naye hageuki akiitwa, kupimwa. Mtaalamu aliketi naye mkekani karibu asubuhi nzima, akatuuliza anavyocheza, anavyolala, anavyoomba kitu, ndipo akatuambia si uziwi, ni usonji, hali ya ubongo ambayo mtoto huzaliwa nayo. Nyumbani mama alilitamka neno hilo mara mbili, taratibu, akimtazama Yusta aliyekuwa akikunja kanga ileile kwa mara ya nne. Kisha akanigeukia.

"Ungenyamaza siku ile, Tabu, si angesoma?"

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua tu, kama mimi.