Kufagia Nyumba Iliyobomolewa

Nyumba yetu ilikuwa ya tatu katika mstari wa nyumba sita za matofali mekundu, nyuma ya stesheni ya reli ya Kamina. Zilijengwa zamani za Wabelgiji kwa ajili ya makarani wa reli, zikaezekwa vigae na kuwekewa baraza pana mbele. Baba alikuwa dereva wa gari-moshi. Alipewa nyumba hiyo nikiwa bado tumboni, na alifia humo, katika chumba cha nyuma, mwaka nilioanza kufundisha shule ya msingi.

Mji ulipofanywa makao makuu ya jimbo, kila mtu akawa anatafuta mahali pa ofisi. Watu wa kampuni moja walikuja wakatuambia kwamba pale patajengwa jengo la ghorofa, na sisi tutapewa viwanja pembeni mwa mji, upande wa barabara ya Kaniama. Viwanja tulipewa, siwezi kusema uongo. Tukajenga vyumba viwili, tukaezeka mabati, tukahamisha vitanda kwa baiskeli. Siku mashine ilipoingia kubomoa, Mama alikataa kwenda kutazama. Mimi nilikwenda. Ukuta wa chumba cha Baba ulianguka mzima mzima, kama mtu anayejilaza chali.

Baadaye wakasimamisha bango kubwa. Lilichorwa jengo la vioo, na mbele yake watu wanatembea. Watu wale hawakuwa na nyuso. Kisha kampuni ikaondoka na mashine yake. Mvua zikaja, zikapita, zikaja tena. Majani yakaota mpaka kifuani, na hakuna aliyerudi kuuliza kitu.

Mama akaanza kutoka asubuhi mapema. Aliniambia anakwenda misa, nami nikaamini, mpaka mwalimu mwenzangu aliponivuta pembeni.

"Mama yako njo tunamuonaka kule nyuma ya gare na kifagio?"

Nilikwenda Jumamosi, nyuma ya stesheni, kwenye kiwanja chetu cha zamani. Nilimkuta ameinama, kitenge amekikaza kiunoni, anafagia. Sehemu kubwa alikuwa amekwisha kung'oa majani, na udongo ulikuwa safi, una alama za njiti za kifagio. Lakini hakufagia pote. Aliacha mistari ya majani, imenyooka, myembamba. Nilisimama nikaitazama bila kuelewa, halafu nikaitambua. Majani aliyoyaacha yalikuwa kuta.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Nafagia mu nyumba."

"Nyumba gani? Nyumba hakuna tena."

"Usipaze sauti. Pita ku mulango."

Nikapita mlangoni. Ningeweza kukatiza, majani yale alikuwa ameyapunguza, hayakufika hata magotini, lakini miguu ilikataa. Nilizunguka mpaka penye pengo, nikaingia, na nilipofika kona ya sebule nikageuza bega nisigonge kabati.

Mama alikuwa ananitazama. Hakucheka.

"Baba yako hajue njia ya kule," akasema. "Tulihama, ye hakutuona."

"Mama, Baba alikufa."

"Najua alikufa. Ni minyi mwenyewe njo nilimufunga macho. Lakini namuota. Anasimama hapa inje, anatafuta mulango. Alikuwa anashuka mu treni saa yoyote, anakuta nyumba safi. Leo akute majani?"

Nilichukua ndoo yake ya majani, tukarudi pamoja.

Watu wakaanza kusema. Walisema ni mchawi, anaongea na wafu. Wanafunzi wangu walipofika karibu na kiwanja kile walikuwa wanavuka barabara wakikimbia. Nikaona nitafute msaada. Nikaenda sokoni kwa jirani yetu wa zamani, mama Mwislamu anayeuza vitenge, ambaye wazee wake walitoka Maniema kwa biashara. Alikuwa mjane kama Mama, na aliishi nyumba ya nne. Jiko lake na letu yaligawana ukuta. Mama alimheshimu kama dada mkubwa, akimwita yaya. Nilimwomba aje amkataze.

Alikuja asubuhi iliyofuata, akasimama penye pengo la mlango.

"Hodi, mudogo yangu."

"Karibu, yaya."

Aliingia. Nilingoja aanze kusema naye. Alitazama chini, akafuata mistari ya majani kwa macho, kisha akakunja uso.

"Hapa ulikosea. Ukuta ya jikoni ilikuwa huku zaidi. Unaingia kwangu."

"Hapana, yaya. Jiko yako ilikuwa kadogo."

"Kadogo? Minyi nilipikia bantu ya harusi mu ile jiko!"

Wakabishana hasa, mikono kiunoni. Mwishowe yule mama aliokota kijiti, akachuchumaa na kuchimba mpaka akakuta mawe ya msingi. Haki ilikuwa yake. Lakini hakujisifu. Aliweka kiganja juu ya mawe yale.

"Kifagio ingine iko?" akauliza.

Toka siku hiyo wakawa wawili, kila mmoja akifagia kwake.

Wakati wa kiangazi likaja gari jeupe. Alishuka mwanamume mwenye kofia ngumu ya wajenzi, akaanza kuvuta futi kamba akikata moja kwa moja katikati ya kiwanja.

"Baba, unapita mu ukuta," Mama alimwambia.

Nilitaka kumwomba radhi kwa niaba ya Mama, ila yule mtu alikwisha kusimama. Alitazama mguu wake wa kulia, uliokuwa juu ya mstari wa majani, na uso wake ukabadilika.

"Pardon, Mama. Mulango iko wapi?"

"Kule."

Alirudi nyuma, akazunguka, akaingia mlangoni, akavua kofia. Alipofika nyuma aliuliza palikuwa na nini. Mama akamjibu, "Chumba ya bwana yangu." Hakupima pale. Alikunja futi yake, akaondoka, na hatukumwona tena. Mvua za mwaka ule ziliangusha bango, na mtu akalichukua kuezekea banda la mbuzi.

Kisha asubuhi moja, nikitoka kwenda shule, nilimkuta Mama amekaa kizingitini kwetu, mikono mapajani.

"Hauendi leo?"

"Baba yako alifika."

"Alifika wapi?"

"Hapa. Alichoka sana. Alilala."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetoa habari za treni. Nilirudi ndani. Kitanda cha Mama kilikuwa kimelaliwa upande wa ukutani tu; upande wa nje shuka lilinyooka, na kando yake alikuwa amemwekea Baba beseni la maji ya kunawa miguu. Sikuligusa.

Hakwenda tena nyuma ya gare. Majani yaliifunika nyumba yetu, kuta na vyumba vikawa kitu kimoja. Lakini nyumba ya nne ilibaki safi, jirani yetu akiifagia kila siku kabla ya kufungua biashara. Nilisimama mlangoni kwake siku moja, nikamuuliza kama naye anamngoja marehemu wake.

"Hapana," akasema. "Bantu bangu bote banajua njia ya kwangu kupya. Minyi tu njo sijue."

Akaendelea kufagia. Siku hizi naenda shule kwa njia ya sokoni, nisije nikapita pale tena.