Muziki wa Baba Bila Waya

Mume wa dada yangu alikuwa mtu wa kuonyesha vitu. Hakuja kwetu Uthiru kutusalimu, alikuja kutuonyesha. Saa mpya, miwani mpya, funguo za gari alizoziweka katikati ya meza mahali pa birika la chai. Alifanya kazi ya bima katika jengo moja refu mjini, na hakuwahi kusema yuko ofisini. Alisema yuko juu. Nilimdharau tangu siku alipoletwa nyumbani, na sioni kwa nini nijifanye kwamba umri umenilainisha.

Wakati huo Baba alikuwa amevunjika nyonga. Aliteleza bafuni, akalazwa, akarudishwa nyumbani na magongo ambayo kwa muda mrefu hakuweza kuyatumia. Alikuwa mgane, mstaafu wa idara ya maji, na mimi kitindamimba nilikuwa bado naishi naye, nikienda mjini kila siku kuuza vitambaa Biashara Street. Sebuleni palikuwa na mtambo wake wa muziki alioununua akiwa kazini: amplifaya nzito, redio, deki ya kanda, na spika mbili zilizonifika kiunoni. Chumba chake kilitosha kitanda na kiti tu, kwa hiyo hatukuweza kuuhamisha. Tena deki ilikuwa imeanza kutafuna kanda. Kilichobaki ni redio, na redio ilikuwa mateso. Vijana waliolipwa kuzungumza walizungumza, wakacheka maneno yao wenyewe, wakatuuzia sabuni.

"Zima," Baba alisema kutoka kitandani. "Hao wanacheka nini?"

Shemeji alipopata habari hizo alifika na boksi jeusi ambalo mwenzake wa kazini alikuwa amemletea kutoka ng'ambo. Aliliweka juu ya amplifaya, akalichomeka kwenye umeme, na taa ya buluu ikaanza kupepesa. Kisha akasimama mlangoni mwa chumba cha Baba na kueleza kama mtu anayehutubia mkutano.

"Hii ni wayalesi, Baba. Muziki inatoka kwa kompyuta, inapita hewani, inaingia kwa spika. Hakuna waya. Majuu kila nyumba iko nayo."

"Kompyuta iko wapi?" Baba akauliza.

"Hiyo tutaleta. Na intaneti pia inakuja, si umeona vile wanachimba barabara?"

"Kwa hivyo sasa inacheza nini?"

"Sasa bado."

Akalipiga boksi picha kwa simu yake, akala chapati za kutosha watu wawili, akaondoka. Dada yangu, aliyezoea kumsafishia njia, aliniambia mlangoni, "Angalau amejaribu." Alisema hivyo juu ya kila kitu ambacho mumewe hakukifanya.

Boksi lilipepesa wiki nyingi bila kutoa hata sauti ya nzi. Wageni waliuliza ni nini, nami nikawaambia ni taa.

Mwishowe nilitafuta dawa mwenyewe. Saa ya chakula cha mchana nilishuka Luthuli, ambako kila mlango unauza redio na kila muuzaji anakuona mshamba mpaka uthibitishe vinginevyo. Wa kwanza alinionyesha mtambo mzima mpya. Wa pili alinionyesha mtambo uleule na kuuita mwingine. Wa tatu, mwenye pete katika kila kidole, alisikiliza shida yangu mpaka mwisho, akanitolea kidude kidogo kama kiberiti.

"Hii ni transmita," alisema. "Unachomeka kwa simu, pale pa kuweka iafoni. Unachagua stesheni yenye haina mtu, unaweka redio hapo hapo. Simu inakuwa stesheni yako. Hii inafika mpaka Naivasha."

"Nataka ifike sebuleni."

"Sebuleni si ni karibu, madam."

Ilikuwa bei ya viatu vya plastiki. Nilipitia saiba moja ya kompyuta Kangemi, nikamwachia mwenye saiba simu yangu ya zamani aijaze nyimbo Baba alizozipenda: rumba, benga za magitaa makali, na za kwaya kidogo ili shangazi, dada yake Baba, asilalamike.

Kutafuta pengo hewani kulinichosha kuliko kutafuta kidude chenyewe. Kila nilipodhani nimepata mahali patupu, mhubiri alikuwa ameshafika na kukalia. Nilizungusha kitufe cha redio huku nikimtukana kimoyomoyo kila aliyepewa maikrofoni katika mji huu. Hatimaye nikapata pengo jembamba kati ya mhubiri na mtu aliyekuwa akishauri wakulima, nikaweka transmita hapo, nikampelekea Baba simu kitandani. Akaibonyeza akiwa amelala chali, na gitaa likalia sebuleni kutoka kwenye spika zake mwenyewe. Wimbo ukafika katikati.

"Fungua mlango vizuri," akasema. "Unabana besi."

Jumapili moja shangazi alitoka Dagoretti na wazee wawili wa kanisa kuja kumwombea. Dada yangu na mumewe walikuja pia. Shemeji alitangaza mapema kwamba hatakaa, kwa sababu alikuwa kwenye kamati ya ujenzi wa kanisa lao na kamati ilikutana kila Jumapili alasiri. Tulikuwa tumezoea kusikia habari za kamati hiyo. Shangazi alimtaja katika maombi, akamshukuru Mungu kwa wakwe wanaojitoa, naye akainamisha kichwa kama mtu aliyebebeshwa heshima nzito.

Baada ya amina, Baba aliwawekea wageni wimbo wa kwaya. Shemeji aliingia chumbani kuona muziki unatoka wapi, akakiona kidude.

"Hii ni toi ya watoto, shemeji," akaniambia kutoka chumbani, wote wakisikia. "Ya kuweka kwa gari. Ungeniuliza."

"Inacheza," nikamjibu.

"Kucheza si kitu. Ngoja wasikie sauti ya kweli."

Akachomoa simu yangu, akachomeka yake, ile ya kufunguka kama kitabu, na kumkabidhi Baba aishike. Kisha akaja sebuleni kutazama nyuso zetu wimbo ukianza. Hata ubeti wa kwanza haukuisha. Muziki ukakatika, spika zikalia mlio wa simu, na kwa kuwa simu ilidhani mwenyewe amevaa iafoni, ikapokea yenyewe. Sauti ya mwanamume aliyeshiba ikajaa sebule.

"Niaje, uko wapi? Mbuzi imeiva, sisi wote tuko Kenyatta Market tunakungoja. Ama bado uko kwa huyo mzee wa kitanda? Si ulisema unasalimia tu unatoka? Waambie ni ile kamati yako ya kanisa, ukuje."

Shemeji aliurukia mtambo na kuvuta waya wa kwanza aliouona. Ulikuwa wa boksi lake. Taa ya buluu ikazimika, na yule mtu akaendelea. "Haloo? Ama wako hapo?" Sisi sote tulikuwa hapo. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa akitazama zulia. Kisha Baba akapata kitufe cha kukata, akasema kutoka kitandani bila kupaza sauti:

"Enda basi. Nyama ya mbuzi ikipoa haina ladha."

Alienda. Alichukua simu yake na funguo zake, akasema kuna mtu amefanya mzaha wa kijinga. Dada yangu alikuwa amenyanyua mkoba wake. Akaurudisha chini, akanifuata jikoni, akaanza kuosha vikombe.

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

"Mimi ndiye nafua mashati," alisema. "Kamati gani ya kanisa inanuka moshi wa nyama?"

"Na ukanyamaza."

"Ungesema nini wewe?"

Nilichukua kitambaa, nikapangusa vikombe. Jioni nilimsindikiza hadi stejini kupanda matatu. Alilibeba boksi jeusi ndani ya mfuko wa plastiki, na safari hii hakusema "angalau".

Kidude kiliendelea kufanya kazi yake. Kumbe kilivuka hata ua, kwa sababu jirani yetu, mama aliyeuza mboga soko la Kangemi, aliniuliza langoni ni stesheni gani hii mpya isiyo na matangazo, na mbona inafungwa mapema usiku. Ilifungwa Baba akilala. Nilipomweleza Baba, alinituma nimuulize anapenda nini. Alipenda benga. Tangu siku hiyo Baba akawa anampigia benga jioni, mama huyo akirudi kutoka sokoni, na kunitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni katika stesheni yake.

Shemeji alikaa miezi bila kukanyaga kwetu. Tulipokutana tena ilikuwa kwenye arusi ya binamu yetu, Baba akiwa tayari anatembea kwa fimbo. Nilimsikia akiwaeleza watu wa meza yake jinsi mkwewe alivyougua, na jinsi yeye alivyomfungia muziki wa wayalesi nyumba nzima. Dada yangu alikuwa ameketi kando yake, akitenganisha mifupa na wali. Aliinua macho, akaniona, akaendelea kula.