Taa ya Gesi Niliyoipeleka Kasigau

Siku hizi nikipita Voi jioni naona taa za umeme na za sola hadi kwenye vibanda vya mboga, na bado masikio yangu yanatafuta ule mvumo. Taa ya gesi ilikuwa inavuma. Ulikuwa unaketi hotelini ukila chapati, na juu ya kaunta kuna mtungi mdogo wenye kioo shingoni, unapuliza bila kuchoka, wadudu wakijigonga, na uso wa kila mtu umekuwa mweupe kama aliyepakwa unga. Bucha zilikuwa nazo, vinyozi walikuwa nazo, na harusi iliyoikosa watu waliondoka mapema.

Nimezunguka sana, na karibu kila mahali nilipokodi chumba niliitamani. Lakini niliyoinunua ilikuwa moja tu, na ilikuwa ya mama.

Mama alikuwa Makwasinyi, kijiji kilicho chini ya mlima Kasigau. Mwaka huo ndengu zilikubali. Alizing'oa akazilundika uani, ila ndovu walikuwa wameshafika shamba la jirani. Watu waliahidi kumsaidia kupura wakitoka mashambani kwao, yaani giza likianza kuingia. Koroboi huzimwa na upepo, na moto wazi karibu na maganda makavu ni wazimu. Basi akanitumia ujumbe Voi, nilikokuwa nikifanya kibarua: niende Jumamosi na taa ya gesi.

Mwenye duka alikuwa mzee wa asili ya pwani.

"Niwashie kwanza nione," nilimwambia. Nilikuwa nimewahi kuuziwa redio mbovu.

"Mwanangu, nikishaichoma soksi hii itakuwa jivu tupu. Nawe wenda Kasigau, njia ile waijua. Ichukue hivi hivi, ukaiwashe huko."

"Mzee, niwashie."

Soksi tulikiita kile kijifuko cha uzi kinachofungwa pale moto unapotokea, ndicho kinachong'aa. Kikishaungua mara ya kwanza hubaki umbo lake tu, jivu lililosimama, na ukikigusa kinaporomoka. Nilikuwa nimeziangalia taa hizo miaka yote, lakini sikuwahi kubeba moja.

Mzee akawasha. Duka zima likawa jeupe. Nikatoka hapo na raha zangu, na hata soksi ya akiba sikununua.

Niliipakata nyuma ya pikapu njia nzima, shimo baada ya shimo. Nilipoitoa kwenye katoni mbele ya majirani sita walioshika fimbo tayari, ndani ya kioo kulikuwa na unga mweupe tu. Nikawasha hivyo hivyo. Moto wa manjano ukaruka, kioo kikawa cheusi.

"Yaani umetoka Voi kutuletea moshi?" akasema mama mmoja wa jirani, na wengine wakaangua kicheko. "Hata jikoni kwangu uko, ungeniambia!"

Mama hakucheka. "Mwacheni," alisema. "Bebeni mnachoweza, tuingize ndani."

Tulijaza jikoni, tukajaza chumba chake hadi kitanda hakikuonekana. Nyumba ilipogoma kupokea zaidi, lundo la nje bado lilinifika kiunoni. Majirani walipiga madebe kidogo, kisha wakaenda kulinda ya kwao. Ndovu walipokuja tulisimama nyuma ya mlango tukiwasikia wakitafuna, bila haraka, kama wageni walioalikwa.

Asubuhi mama aliufagia uwanja wote, akapepeta hadi vumbi, hakuacha punje. Za ndani tulizipura mchana, zikaenda sokoni. Zile za uwanjani ndizo tulizokula hadi Krismasi, na hata zichambuliwe vipi, zilikuwa na mchanga. Kila jiwe liliponigonga jino, mama alilisikia. Alinisogezea kikombe cha maji, akaendelea kula.