Maabara Saba Zinamwomba Abdulhalim

Hamdiya wa Sugar Land ana mdomo, na mwenyewe hakatai. Miaka kumi na moja anauza mahamri kutoka jikoni kwake, na hakuna aliyewahi kumwona kaishiwa maneno. Isipokuwa siku aliyokuja Clothilde.

Mumewe, Abdulhalim, alikuwa dereva wa lori. Lori likapinduka, uti wa mgongo ukaumia, na kuanzia kifuani kwenda chini hakuhisi kitu tena. Akaishi hivyo miaka sita. Kabla ya kufa alitia saini mwenyewe, bila kuombwa na mtu: wachukue kipande cha uti huo, maabara moja ya Fort Worth wakichunguze. Alipofariki, wakakichukua asubuhi, maiti ikaoshwa, ikazikwa alasiri. Hamdiya hakubisha, ila aliweka sharti lake: wakimaliza wakirudishe, akizike palepale alipolala mumewe. Kiungo cha Mwislamu hakiachwi kuzagaa juu ya ardhi.

Sasa Clothilde, Mkongo wa Haltom City anayefanya kazi maabara hiyo, kaendesha gari zaidi ya saa nne kuja kumuuliza ana kwa ana. Maabara nyingine saba zinaomba kugawiwa kipande hicho. Uti wa binadamu ulioumia ni adimu mno. Watafiti wengi hawajawahi kuuona ila wa panya.

"Na nikikubali, kitarudi?"

"Hapana, Maman. Kitakatwa vidogo vidogo mpaka kiishe. Ukikataa, kesho mimi mwenyewe nakuletea. Hakuna mtu atakukasirikia."

Lo! Hamdiya alitamani binti huyo ambembeleze, apate angalau wa kugombana naye. Wapi! Clothilde akanywa chai yake tu. Hamdiya akakimbilia jikoni, akajifungia, akalia. Basi mumewe abaki na pengo kaburini hadi Kiyama? Atamwambia nini wakikutana?

Akiwa kule jikoni ndipo alipomkumbuka mumewe alivyokuwa. Alipokuwa mzima, Ramadhani haonji futari mpaka sahani za majirani zimeshatoka, hata za wale Wamexico wa nyumba ya pili, wasiofunga. Kisha akawa wa kuletewa: dawa, chakula, pole, nepi. Hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko kupooza miguu. "Hamdiya," alikuwa akisema, "mimi sasa ni wa kupokea tu."

Akanawa uso, akarudi sebuleni.

"Hebu niambie tena. Hizo maabara saba zinamtaka nani?"

"Zinamtaka Papa Abdulhalim. Wagonjwa wao hawatembei, kama yeye."

"Lete kalamu."

Akatia saini. Clothilde akaanza kushukuru. Hamdiya akamkatiza, akamshika mikono yote miwili, machozi yanamtiririka bila kuyafuta.

"Usinishukuru, mwanangu. Mimi ndiye wa kukushukuru. Tangu ajali ile, wewe ndiwe wa kwanza kuingia mlango huu kumwomba yeye kitu."